Pasi ya Ghorofa ya Nne

Siku ya tatu mfululizo, pasi ya ghorofa ya nne iliwaka saa nane mchana na haikupoa mpaka saa kumi na moja jioni. Remija Banzi aliutazama mstari wake mwekundu kwenye kioo cha kompyuta, akasonya, kisha akacheka peke yake kwa kukisonya kioo kisicho na kosa.

Alikuwa ameketi kwenye chumba kidogo cha chini kabisa cha Jengo la Mlonge, kando ya pampu ya maji, mahali ambapo nyaya zote hukutana kabla ya kupanda kwenye fleti tisini za watu. Kwenye waya mkuu, ule mnene kama mkono wa mtoto, palibanwa kidude cheusi kisichozidi ukubwa wa kiberiti. Wakazi walikiita Sikio. Halikuwa na kamera wala kinasa sauti. Lilichosikiliza ni umeme wenyewe, kwa sababu kila chombo kina namna yake ya kuuvuta: friji huanza kwa kishindo halafu hutulia, feni huvuta kidogo kidogo bila kuchoka, birika hunywa kwa pupa mpaka maji yachemke. Sikio liliyachambua yote hayo kwa pamoja, kama mama anayemjua mwanawe kwa kikohozi katikati ya kanisa lililojaa, na likamwonyesha Remija kila chombo na fleti yake.

Huu ulikuwa mwaka wake wa tatu katika kazi hiyo. Tangu mvua zilipokosekana misimu minne na mabwawa yakabaki tope, kila jengo mjini Morogoro lilipewa kikomo chake cha umeme, na msikilizaji wa kukilinda. Siku ya kwanza Remija aliapa kama wenzake wote, mkono juu: nitakachosikia kwenye waya kitabaki kwenye waya. Hesabu za umeme angezitoa kwa yeyote. Habari za watu, hapana.

Lakini kiapo hakikumzuia kuwapenda. Alijua fleti ipi huamka kwanza, ipi huchemsha maharage kila Jumapili, ipi imepata watoto wachanga, maana taa yake haikai saa mbili bila kuwashwa. Na fleti namba 411 ilikuwa kipenzi chake. Birika saa kumi na moja na nusu alfajiri. Redio wakati wa taarifa ya habari. Taa ya sebuleni ikizimwa saa tatu kamili, kisha ya chumbani ikawaka kwa dakika kumi tu. Watu wawili, Remija aliamua zamani, watu wazima, na huwa wanaongea kidogo kabla ya kulala. Hakuwahi kuwaona kwa macho.

Kioo kikaandika: *Fleti 411. Chombo cha joto, kwa saa tatu. Mara ya tatu. Andika sababu ndani ya siku mbili, au nitakata.*

Kila fleti iliruhusiwa saa moja ya joto kwa siku, iwe ni birika, jiko au pasi. Aliyepitiliza mara tatu alikatiwa soketi, na mkaguzi akaja na fomu yake. Msikilizaji alikuwa na sababu tatu za kuchagua: hitilafu, biashara, afya.

Remija akafungua mistari mingine ya fleti ile, na hapo ndipo kicheko kilipomwisha. Friji ilikuwa kimya siku ya tisa. Birika halikuwashwa tangu Jumatatu. Jiko, kimya. Redio, kimya. Taa ilikuwa moja tu, tena kwa nusu saa. Ilikuwa kana kwamba nyumba nzima imefunga kula ili pasi ishibe.

Alifunga kioo, akapanda ngazi.

*

Mlango ulifunguliwa na bibi mdogo wa umbo, mwenye kitenge kiunoni na viganja vilivyolowa maji.

"Shikamoo, bibi. Mimi ni Remija, msikilizaji wa jengo."

Uso wa bibi ulibadilika. Alitazama nyuma yake upesi, akarudisha mlango mpaka ukabaki upenyo wa uso wake tu.

"Marahaba. Kuna nini? Sisi hatujapitisha kikomo. Nimezima kila kitu."

"Najua, bibi. Ndiyo maana nimekuja."

Kutoka ndani ilisikika sauti ya mwanamume, nzito na yenye furaha. "Skola! Kama ni mteja, mwache apite. Usimsimamishe mteja mlangoni!"

Bibi Skolastika alifumba macho kidogo, kisha akafungua mlango.

Sebuleni, mahali ambapo watu wengine huweka meza ya chakula, palisimama meza ndefu iliyotandikwa blanketi la zamani na shuka nyeupe juu yake. Nyuma ya meza alisimama mzee mrefu, mgongo umenyooka, akisukuma pasi juu ya shati la buluu. Hakuharakisha. Alinyunyiza maji kwa ncha za vidole, akageuza mkono wa shati, akapitisha pasi mara moja tu, na mkunjo ukafutika kama haukuwahi kuwapo.

"Umeleta, au umekuja kuchukua?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Nimekuja kusalimia, babu. Shikamoo."

"Marahaba. Salamu hatupigi pasi hapa." Akacheka mwenyewe. "Keti, binti. Skola, huyu mpe kiti."

Remija akaketi. Mzee alilikunja shati, akaliweka juu ya mengine saba, akayapigapiga ubavuni yalingane. Bibi Skolastika akaja, akaubeba mzigo ule wote kwa heshima, akaingia nao chumbani. Mlango haukufunga vizuri, na Remija aliona kila kitu: bibi aliyatumbukiza mashati kwenye beseni la maji, moja moja, akayakamua, akayafinyangafinyanga kwa mikono mpaka yakajaa makunyanzi, akayapanga kwenye kapu. Kisha akatoka nalo.

"Kobelo," akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "wameleta mzigo mwingine."

"Wa nani huo?"

"Wa stesheni."

"Ah, watu wa reli." Mzee akafurahi. "Hao wanataka kola zisimame." Akalichukua shati la buluu, lile lile, akalitandaza kama ndiyo kwanza analiona.

Bibi akamvuta Remija jikoni. Alizungumza chini chini, jicho likiwa mlangoni kila wakati, juu ya mkono wa mumewe.

"Miaka arobaini na sita amekuwa dobi, karibu na stesheni. Alianza na pasi ya mkaa. Nguo za maharusi, kanzu za mapadri, sare za reli, zote zimepita mikononi mwake. Sasa jina langu linampotea siku nyingine. Watoto wetu amewasahau. Lakini akishika pasi, mwanangu, anarudi. Ananitania. Unamsikia mwenyewe."

"Na asipoishika?"

"Niliificha siku mbili wiki iliyopita, kwa kuogopa kikomo. Siku ya kwanza alilia. Ya pili akatoka nikiwa bafuni. Walimpata njia ya Kilosa, peku, anawauliza watu duka lake liko wapi." Alifuta viganja kwenye kitenge ingawa vilikuwa vikavu sasa. "Nikairudisha. Chai tunaweza kuacha. Ugali nausonga mara moja kwa siku mbili kwenye jiko la jirani. Lakini wewe umejuaje kwamba tumezima?"

Remija alijua jibu sahihi: hesabu tu, bibi. Badala yake akasema kweli. "Friji yenu imenyamaza siku tisa. Na redio. Nilikuwa nimezoea redio yenu."

Bibi alimtazama. "Kumbe kuna mtu anatusikiliza mpaka redio."

"Miaka mitatu, bibi."

"Basi uliisikia na ile siku ya birika."

Remija aliikumbuka. Miaka miwili nyuma, birika la 411 liliwashwa mara kumi na mbili kwa siku moja. Maji yalichemka, yakaachwa, yakachemshwa tena. Aliandika *birika bovu* na kumtuma fundi.

"Fundi alikuja," bibi akasema, "akalipima, akaniambia birika ni zima kabisa. Nikamshukuru. Nilipofunga mlango ndipo nikajua kisicho kizima ni nini."

Remija alitaka kumshika mkono, akaona haya, mwishowe akamshika.

"Ipo sababu ya afya," akasema. "Nikiiandika, hawakati."

"Wanaandika jina la ugonjwa?"

"Ndiyo."

"Na mtu mwenye ugonjwa huo wanamruhusu kukaa na pasi ya moto?"

Sheria hiyo Remija aliijua. Mkaguzi angeichukua pasi siku hiyo hiyo, na baada ya pasi angeuliza kama nyumba ile inafaa kwa mzee huyo.

"Simwachi peke yake hata dakika moja," bibi akasema. "Hajaunguza hata leso. Lakini fomu haitamwona akifanya kazi. Itaona ugonjwa tu."

Sebuleni mzee alikuwa anaimba kitu cha zamani cha Kiluguru, polepole, kwa mwendo wa pasi yake.

*

Remija aliporudi chini alikaa mbele ya kioo muda mrefu. Angeweza kuacha soketi ikatwe. Angeweza kuandika afya. Kulikuwa pia na Kifungu cha Kuazimana, ambacho kiliruhusu fleti moja kuiazima nyingine dakika zake za joto, lakini majirani wasingeazima bila kuuliza kwa nini, na hapo kiapo chake kilimkaba, na aibu ya bibi ikamkaba zaidi.

Akachagua njia ya nne, ambayo haikuwepo kwenye orodha. Alilifundisha Sikio uongo. Aliuchukua mstari wa pasi ya 411, akauambatisha na pampu ya maji iliyokuwa ikivuma pembeni yake, na tangu saa ile kila mzee Kobelo alipopiga pasi, Sikio lilisikia pampu. Kazi yote haikuchukua dakika tano, na onyo la 411 likafutika kwenye kioo. Akamtumia bibi ujumbe kwamba awashe tu vyombo vyake, bila kumweleza zaidi; kesho yake birika la 411 liliwaka alfajiri, na jioni akaisikia redio, naye akanywa chai yake huku akitabasamu peke yake.

Alifurahi kwa siku kumi na moja.

Siku ya kumi na mbili, asubuhi, Sikio lilifanya kile lilichoundwa kukifanya. Liliona pampu inakula umeme mwingi kuliko maji inayoyapandisha, likahitimisha kwamba pampu ni mgonjwa, na ili isiungue likaipunguza nguvu nusu kwa nusu. Maji yakaishia ghorofa ya sita.

Remija hakuwepo, alikuwa na zamu jengo lingine. Alipofika saa saba mchana, lifti ilikuwa imejaa ndoo na watu waliokasirika, hivyo akapanda kwa miguu kuona maji yameishia wapi. Kati ya ghorofa ya saba na ya nane alisikia kishindo, kisha ndoo ikaja ikibingirika ngazi kwa ngazi na maji yakamlowesha viatu.

Juu yake, mwanamke kijana alikuwa amekaa kwenye maji, ameshika mkono wake wa kulia, uso umemsawijika. Alikuwa Mwanaidi wa ghorofa ya tisa, mwenye mapacha wa miezi mitatu, yule ambaye taa yake haikai saa mbili bila kuwashwa.

"Dada, usiusogeze," Remija akasema, akipiga magoti. "Watoto wako wapi?"

"Kwa jirani. Hii ilikuwa safari ya sita." Mwanaidi aling'ata mdomo. "Nepi zimejaa beseni mbili. Eti pampu mbovu. Fundi kaja kaitazama, anasema haina kitu, lakini mashine ndiyo imeshasema. Utabishana na mashine?"

Remija alimfunga mkono kwa mtandio wake, akampeleka zahanati, akakaa naye mpaka walipomwambia kwamba mfupa umepata ufa na mkono hautafanya kazi wiki sita. Njia nzima Mwanaidi alimshukuru. Kila asante iliingia kama sindano.

*

"Umetufanya tuyaibe maji ya watoto wachanga?" Remija alipomaliza kumweleza, Bibi Skolastika alikuwa amesimama, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Mimi nilikuomba hivyo?"

"Hapana, bibi. Hukuniomba chochote."

"Ungeniuliza! Unajua mpaka saa ninayozima taa ya chumbani kwangu, lakini kuniuliza umeshindwa?"

Remija alikuwa analia sasa, bila sauti. Mzee Kobelo aliweka pasi kwenye kisimamio chake, akaja, akampa taulo ndogo iliyopigwa pasi vizuri, akarudi kwenye meza.

Bibi akashusha pumzi. Alimtazama mumewe kwa muda mrefu, jinsi mtu anavyotazama nyumba kabla ya kuifunga mlango.

"Waite watu," akasema. "Jumamosi. Ya kwako utayasema wewe. Ya kwangu nitayasema mwenyewe."

Jumamosi alasiri wakazi wakakusanyika uani, penye kivuli cha matangi ya maji. Pampu ilikuwa imerudi kuwa nzima, kwa kuwa Remija alishafuta uongo wake. Alisimama mbele yao, akaeleza yote isipokuwa namba ya fleti. Alikuwa ameidanganya mashine. Kwa sababu yake maji yalikatika, na kwa sababu yake dada Mwanaidi alianguka. Taarifa alishaiandika kwa mkuu wake, na wiki ijayo angeitwa.

Ua ulilipuka. Mwenyekiti wa jengo, Bwana Lukindo, mwenye sauti ya mnadani, aliwashinda wote. "Uliapa wewe! Tumekukabidhi nyumba zetu! Ni fleti ipi? Sema! Ni nani huyo anayejipigia pasi kwa saa tatu wakati sisi tunavaa nguo kama zimetoka mdomoni mwa ng'ombe?"

"Sisemi, mwenyekiti."

"Utasema!"

"Ni sisi," Bibi Skolastika akasema.

Alikuwa ametoka mlango wa ngazi, amemshika mumewe mkono. Mzee Kobelo alikuwa na kapu la nguo begani, maana alikataa kuliacha. Watu wakawapisha. Bibi hakupanda juu ya kitu wala kuinua sauti. Aliwaambia yote kama alivyomwambia Remija jikoni: stesheni, pasi ya mkaa, birika, njia ya Kilosa. Aliwaeleza hata beseni la chumbani na jinsi anavyokunjakunja nguo zilezile, na hapo sauti ilimkatika, akasubiri mpaka irudi.

"Sikutaka mjue," akamalizia. "Watu wakishajua, wanaanza kuongea na mimi tu, kana kwamba yeye hayupo."

Mzee Kobelo alikuwa akiwatazama watu mmoja mmoja kwa adabu, mpaka jicho lake likatua kwa Bwana Lukindo. Akamsogelea, akamshika ukingo wa koti.

"Nani kakupigia pasi hii?"

"Mimi... mimi mwenyewe, mzee wangu. Shikamoo."

"Marahaba. Umeipiga kavu. Koti limeng'aa kiwiko, unaona? Hapa unatanguliza kitambaa chenye maji." Akatikisa kichwa kwa huruma. "Vua, nilitengeneze."

Mtu akacheka nyuma, kisha wengi wakacheka, na Bwana Lukindo, baada ya kusita kidogo, akalivua koti.

Mwanaidi ndiye aliyesimama. Mkono ulikuwa kifuani, umening'inizwa kwa kitambaa, na usoni hakuwa na kicheko.

"Mimi nimekasirika," akasema, "na nitaendelea kukasirika. Dada Remija, ulinipeleka zahanati, nakushukuru, lakini ungenidanganya hata wiki moja zaidi nisingekusamehe." Remija akainamisha kichwa. "Sasa hayo yakae pembeni. Mume wangu ana mashati matano ya kazi na mimi mkono sina. Bibi, nikiwaletea, babu atayapokea?"

Bibi Skolastika akamgeukia mumewe, na Mwanaidi akaendelea.

"Na pasi yangu naizima. Dakika zake chukueni ninyi. Si mnasema kuna kuazimana?"

"Kipo kifungu," Remija akasema, na mara sauti ya kazi yake ikamrudia. "Kila asubuhi kwenye jengo hili zinawaka pasi sitini na kitu. Nyingi zinanyoosha shati moja, halafu zinazimwa zikiwa na moto wake wote. Pasi hula zaidi inapotafuta moto, ikishaupata inakula kidogo. Moja ikipata moto mara moja ikanyoosha nguo za fleti ishirini, jengo zima linatumia pungufu ya mnavyotumia sasa. Sheria inataka sahihi tu. Haiulizi ugonjwa wa mtu. Lakini bibi ameniambia hilo la kuuliza kwanza." Akageuka. "Bibi, unakubali?"

Bibi Skolastika hakumjibu yeye. Alimwegemea mumewe, akamwambia sikioni, "Kobelo, wameleta mzigo. Mkubwa. Tuupokee?"

Mzee alitazama ua uliojaa watu, na koti la mwenyekiti mkononi.

"Tuliwahi kukataa mzigo?" akauliza.

*

Asubuhi ya kuitwa kwake, Remija alipita ghorofa ya nne akiwa na shati lake la sare kwenye mfuko. Ngazi zilikuwa na watu wanaoshuka na nguo zilizotundikwa, na mlangoni bibi alikuwa anaandika majina kwenye vipande vya utepe, akiwakaripia waliochanganya soksi.

"Unakwenda wapi na shati hili?" mzee akamuuliza.

"Nakwenda kuhukumiwa, babu."

"Umefanya nini?"

"Nimesema uongo."

Akafikiri. "Wa kumkomoa mtu?"

"Hapana, babu. Lakini mtu aliumia."

"Basi nenda ukiwa nadhifu," akasema, na akalipiga shati lile pasi kwa muda mrefu kuliko lilivyohitaji.

Mkuu wa wasikilizaji, Mama Mloka, alisoma taarifa mara mbili mbele yake. Matumizi ya Jengo la Mlonge yalikuwa yameshuka tangu wakazi waanze kuazimana, alisema, na majengo mawili yameshauliza namna ya kufanya. Hilo ni jema. Lakini msikilizaji anayelifundisha Sikio uongo amewafanya watu wote wasiliamini, hata siku litakaposema kweli. Akaamuru arudishe kitambulisho kwa miezi mitatu. Remija alikivua mwenyewe shingoni, akakiweka mezani. Hakujitetea, na alipotoka nje alishangaa kuona kwamba kifua chake ni chepesi.

*

Ilimchukua wiki mbili kuzoea kutosikia. Alikuwa akipita chini ya jengo, anatazama madirisha tisini, na hajui nani ameamka wala nani amewasha nini. Alichobaki nacho ni kile walicho nacho watu wengine wote: ngazi, na mlango wa kugonga.

Alhamisi moja alasiri akagonga 411. Bibi alifungua akiwa amechoka usoni.

"Leo hajaigusa," akasema.

Mzee Kobelo alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, mikono juu ya magoti. Nguo za watu zilikuwa zimerundikana mezani, na pasi ilikuwa baridi. Bibi alishamwambia mzigo wa stesheni, akamwambia mzigo wa harusi, na yote mawili aliyaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikia habari za mji wa mbali.

Remija alichuchumaa mbele yake. Shati alilovaa mzee lilikuwa limekunjamana mgongoni na mikononi, na ukingo wake umejikunja. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuliona, kwa kuwa siku zote macho ya watu yalikuwa kwenye nguo zilizo mezani.

"Babu," akasema, "naomba shati lako."

Mzee alimtazama, kisha akaanza kufungua vifungo. Vidole vilipokwama bibi akamsaidia. Akabaki na fulana, mabega membamba, akisubiri.

Remija aliwasha pasi. Alisubiri ipate moto, akanyunyiza maji mengi mno, akaanza na mgongo, kwa kuwa ndio ulioonekana rahisi. Alipofika mikononi alisukuma kwa nguvu, akatengeneza mkunjo mpya pale pale alipokuwa anafuta wa zamani. Akarudia, ukawa miwili.

Nyuma yake kiti kililia. Hatua zikaja polepole kwenye sakafu, na mkono mkubwa, mkavu, ukaja juu ya wake kwenye mpini wa pasi.

"Unaikimbiza," mzee akasema. "Haina pa kwenda."

Akaupunguza mwendo wa Remija. Mkono wa shati ukanyooka, wakaugeuza, wakanyoosha wa pili. Bibi Skolastika alikuwa ameketi pembeni ya rundo la nguo za watu, bila kuhesabu dakika. Walipomaliza, mzee aliliinua shati kwenye mwanga wa dirisha, akalikagua mbele na nyuma, akaguna. Kisha akalivaa.

Alisimama tu, amelikumbatia kwa mikono yote miwili kifuani, macho ameyafumba.

"Skola," akasema, "lina joto. Njoo ushike."

Bibi akainuka akaenda, akaweka shavu lake mgongoni mwa shati, na Remija akageukia mezani, akachukua nguo iliyokuwa juu ya rundo, akainyunyizia maji.